Cha Kwanza Kushoto

Ting'.

Hivyo tu. Sauti ndogo, kama kijiko kilichogusa ukingo wa kikombe kwa bahati mbaya, mtu akakishika haraka kisilie tena. Bi Vidole ameishi na sauti nyingi za mashine: taipureta zilizopiga kelele kama mvua juu ya bati, printa iliyokohoa kabla ya kutema karatasi, feni ya kompyuta kuukuu iliyovuma mchana kutwa kama mtu anayeguna usingizini. Zote zimemtoka. Hii imebaki. Humjia akikoroga chai, na mkono wake husimama katikati ya kikombe.

Jina la Bi Vidole alipewa na wenzake katika ofisi ya maji, na hawakumpa kwa kejeli. Alikuwa mchapaji mkuu. Alichapa huku akimtazama aliye mbele yake, akimjibu salamu, akimuuliza hali ya mgonjwa wake nyumbani, na vidole vikiendelea na kazi yao chini kama vile havimhusu. Ofisi yenyewe ilikuwa jengo la ghorofa moja lenye ukumbi mrefu, mabenchi ya wateja pande zote mbili, na uani bomba ambalo halikuacha kudondoka hata siku moja. Watu waliokuja kulalamikia mabomba yao walilitazama lile, wakatazamana, wakanyamaza.

Kompyuta zilipoletwa na taipureta kupelekwa stoo, Bi Vidole alikuwa tayari mama mtu mzima. Waliitwa kwenye mafunzo mafupi. Mwalimu alizungumza haraka, na maneno yote kwenye kioo cha mashine yalikuwa ya Kiingereza. Bi Vidole aliacha shule kabla Kiingereza hakijamkaa kinywani. Wenzake hawakulijua hilo, kwa sababu barua za Kiingereza alizichapa bila kosa: alinakili herufi kwa herufi, kama mtu anayetunga shanga kwa kufuata mfano, na shanga hazimuulizi mtu maana yake.

Kwa hiyo mashine nayo aliisoma kwa njia hiyo hiyo. Hakujifunza maneno, alijifunza mahali. Juu kushoto, shuka, la nne. Juu katikati, shuka, la mwisho. Aliijua ile kompyuta kama unavyoijua nyumba ya jirani ambaye hujawahi kumuuliza jina: unajua mlango uliko, unajua ngazi iliyolegea, unaingia na kutoka hata gizani. Na hivyo ndivyo alivyowafundisha wengine, mmoja mmoja, akisimama nyuma ya viti vyao. Ofisi nzima ilijua kompyuta kwa mkono wa Bi Vidole.

Katika yote aliyowafundisha, lililoshika zaidi ni la kufunga. Ukimaliza barua, usihangaike na mengi, ifunge tu. Mashine italeta kisanduku chenye vitufe vitatu. Bonyeza cha kwanza kushoto, kazi yako iko salama. Basi neno hilo likawa la ofisi. Mteja akiuliza choo kiko wapi, tarishi humjibu, "Cha kwanza kushoto," na watu wote nyuma ya kaunta huinama wakicheka, na mteja haelewi amechekesha nini. Choo chenyewe kilikuwa kulia.

Wifi yake aliletwa kwenye ofisi hiyo na Bi Vidole mwenyewe. Alikuwa mdogo wa mumewe, mwanamke mchangamfu ambaye ndoa yake ilivunjika akarudi kwa kaka yake na begi moja na mdomo wake mzima. Alikaa chumba cha nyuma. Bi Vidole alimwombea kibarua masjala, kubeba mafaili na kuyarudisha, na hapo wifi akaonyesha kwamba ana akili ya kazi. Ndipo mkuu wa ofisi alipomwambia, mbele ya Bi Vidole, kwamba nafasi ya mchapaji msaidizi iko wazi. Akiweza kuandika tangazo la kukatika maji peke yake, mwanzo hadi mwisho, bila kuita mtu, ataajiriwa rasmi.

Wifi alilitaka hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alitaka kupanga chumba chake mwenyewe. Alitaka, alivyomwambia Bi Vidole wakianua nguo, kuacha kugonga mlango wa kaka yake kabla ya kuingia sebuleni.

Ila kompyuta ilimgomea. Aliandika vizuri, lakini kila alipofika mwisho alisikika kutoka chumba cha pili.

"Wifi, njoo. Imeniletea tena lile sanduku lake."

"Cha kwanza kushoto, wifi."

"Kinasema nini?"

"Wewe bonyeza tu."

"Siwezi kubonyeza kitu nisichojua kinasema nini. Kikisema mfukuze wifi yako, je?"

Watu walicheka, na Bi Vidole alicheka nao. Kisha alikwenda, akainama, akabonyeza yeye. Kila mara alibonyeza yeye. Kumweleza wifi kinachosemwa hakuweza, na hilo alilifunika kwa haraka ya mtu mwenye kazi nyingi.

Mashine za zamani zilipoanza kufa moja baada ya nyingine, mkuu wa ofisi hakutaka kununua kwa mazoea. Alimwita fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye upara na sauti ya upole kama ya mganga wa meno. Fundi aliweka mashine mbili kwenye meza ndefu ya chumba cha mikutano. Moja ilikuwa na mfumo ule ule waliouzoea. Ya pili ilikuwa na mfumo mwingine kabisa. Kila mtu angefanya kazi ile ile kwenye zote mbili: aandike tangazo, alihifadhi, afunge, alitafute tena, alichape. Kisha aseme ipi ilikuwa rahisi kwake. Yeye fundi hangesaidia. Angekaa na kutazama.

Kabla ya saa ya chai zile mashine zilikuwa zimeshapata majina. Ya zamani iliitwa bi mkubwa, mpya ikaitwa bi mdogo. Tarishi alipita na birika, akawashauri kwamba wanaotaka amani wasiwaweke wake wawili meza moja.

Bi mdogo alipowashwa, chumba kilitulia. Kioo chote kilikuwa cha Kiswahili. Fungua. Hariri. Chapisha. Watu walisogea, wakaanza kusoma kwa sauti, kama abiria wanaosoma vibao vya mji wasioujua wakakuta umeandikwa kwa lugha ya nyumbani. Mhasibu, aliyetangulia, alifuata maneno kama yalivyo, akahifadhi, akafunga, akasema kwamba ni tofauti lakini inazoeleka.

Ikaja zamu ya wifi. Kwa bi mkubwa alikwama pale pale pa siku zote, akainua mikono kama aliyekamatwa. Kwa bi mdogo alikaa kitako, akasoma kila kitu kwa mnong'ono kabla ya kukigusa.

"Hifadhi kama," alisoma. "Kama nini tena? Kama yai?"

Hata fundi alicheka. Lakini wifi alihifadhi. Alifunga. Alitafuta, akapata. Printa ilikohoa, ikamtolea karatasi yake: maji yatakatika kuanzia asubuhi hadi jioni, samahani kwa usumbufu. Ilikuwa na makosa mawili ya kuchapa ambayo Bi Vidole aliyaona kutoka alikosimama. Wifi aliishika kwa mikono miwili, ikiwa bado na joto. Hakumwita mtu. Alimtazama Bi Vidole na kumkonyeza.

"Sasa tumsikie mwenyewe," mkuu wa ofisi alisema. "Hawa wote umewafundisha wewe, Bi Vidole. Neno lako ndilo tutakalolishika."

Kwa bi mkubwa alipita kama upepo. Watu walipiga makofi kidogo, kwa heshima. Kisha akasogeza kiti kwenye mashine ya pili.

Kuchapa hakukumshinda, kibodi ni kibodi. Aliandika tangazo refu kuliko la wote, maneno yakitiririka, na nyuma yake akasikia watu wakiguna kwa kustaajabu. Lakini macho yake yalipopanda juu ya kioo, yalianza kutangatanga. Nyumba zote zilikuwa zimehama. Alishuka hadi la nne, na la nne halikuwa lile. Maneno yalikuwa yake, ya mama yake, yameandikwa wazi. Ila katika miaka yote ya kazi hakuwa amewahi kutumia kompyuta kwa kuisoma, na sasa macho hayakujua yaanzie wapi. Wifi alikuwa amemaliza kwa urahisi, na makofi yalikuwa yanasubiri.

Akafanya alichokifanya siku zote. Aliifunga barua bila kuihifadhi kwanza.

Ting'.

Kisanduku kikatokea, vitufe vitatu, kama vinavyojipanga siku zote. Mkono ulikwisha kwenda. Cha kwanza kushoto. Na wakati ule ule kidole kinabonyeza, wakati ambapo hakiwezi tena kurudi, macho yake yakaliona neno lililoandikwa juu ya kitufe. Usihifadhi. Aliliona kama unavyomwona mtu uliyemgonga begani barabarani. Juu yake kulikuwa na mstari mzima uliomuuliza, kwa adabu, kama angependa kuhifadhi kazi yake kabla ya kufunga. Kisha vyote vikatoweka, kioo kikabaki cheupe.

Fundi aliinama karibu yake.

"Pole, mama. Kabla ya kufunga, kuna kitu iliuliza?"

Jibu lilikuwa neno moja. Alikuwa nalo kinywani. Lakini nyuma ya neno hilo aliona mengine yakija kwa foleni: mbona basi hukusoma? Na ile mashine ya zamani, siku zote hizi, ulikuwa unaisoma? Na zile barua za Kiingereza? Aliwaona wote waliokuwa wamesimama nyuma yake, watu aliowashika mikono na kuwaongoza kwenye vitufe. Kwenye ukuta wa mwisho alikuwa wifi na karatasi yake.

"Haikuuliza kitu," Bi Vidole alisema, kwa sauti iliyofika hadi ukumbini. "Imeimeza tu."

Hakuna aliyembishia. Waliomtangulia walihifadhi kwanza kama walivyoambiwa, kwa hiyo kisanduku kile hakikuwa kimemtokea yeyote kati yao, na sasa kilitoweka kabla hawajakiona vizuri. Na sauti ya ting' walioisikia hawakujua ni ya nini. Mkuu wa ofisi alitikisa kichwa polepole. Akasema kwamba mashine inayoweza kummezea kazi Bi Vidole, wao wengine itawameza na viatu.

Siku hiyo ilikuwa ndefu. Watu walimpa pole kama aliyefiwa. Mhasibu alimpa pole kwenye ngazi. Tarishi alimletea chai bila kuombwa, akaongeza sukari, akamwambia asiitie moyoni, mashine ni chuma. Karani wa masjala aliyekuwa hazungumzi naye tangu walipogombana juu ya kufungua dirisha alifika mlangoni, akasema pole, akaenda zake. Bi Vidole alizipokea zote. Alisema asante, asante sana.

Mchana fundi alimfuata mezani. Alisema amejaribu kuifunga ile mashine kwa kila namna, na kila mara imemuuliza. Hajui kwa nini kwake ilinyamaza. Atawaandikia walioutengeneza mfumo. Alikuwa amesimama huku amekunja mikono tumboni, kama mtu anayeomba ruhusa.

"Nisamehe, mama. Nimekuletea kitu kibovu, nikakuaibisha mbele ya watu."

Alitamani amwambie anyamaze. Badala yake alimwambia si neno, ni mambo ya kawaida. Fundi akamshukuru kwa moyo wake mzuri.

Jioni, nyumbani, wifi alimsimulia kaka yake habari za bi mdogo na bi mkubwa, akaigiza sauti ya mkuu wa ofisi, akaigiza printa inavyokohoa, hadi mumewe Bi Vidole, ambaye si mtu wa kucheka, akaweka kijiko chini. Ile karatasi aliibandika ukutani chumbani kwake. Maji yatakatika. Bi Vidole alikuwa jikoni anaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Uamuzi ulitoka wiki iliyofuata. Ofisi ingebaki na mfumo wa zamani; ushuhuda wa mchapaji mkuu ulitosha. Na kwa kuwa mashine zitakuwa zile zile, nafasi ya mchapaji msaidizi alipewa binti mmoja mgeni aliyesoma shule za Kiingereza. Kibarua cha wifi masjala kingefika mwisho wa mwezi na kusimama hapo.

Bi Vidole aliposikia, aliinuka akaenda hadi mlango wa mkuu wa ofisi. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ni kweli. Alikuwa ameshika kitasa. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani, na mkuu wa ofisi akasimama mbele yake anatabasamu.

"Ah, nilikuwa nakuja kwako. Nikushukuru. Umetuepusha na hasara kubwa."

Akamuuliza alikuwa na shida gani. Bi Vidole akasema karatasi za printa zimekaribia kuisha.

Wifi ndiye aliyekuja kumbembeleza. Alimkuta ameketi kitandani, mkoba bado begani, akakaa kando yake na kumgonga goti kwa goti.

"Usinune hivyo, wifi, utazeeka kabla ya kaka. Wewe umesema ulichokiona. Ungesema nini kingine? Udanganye ili mimi nipate kazi?"

Kisha akacheka na kwenda kubandua karatasi yake ukutani, kwa uangalifu, asichane rangi.

Hakukaa bila kazi. Njia ya sokoni kulikuwa na kibanda cha kuchapa na kudurufu, meza moja, kompyuta moja, na mwenye kibanda aliyetaka mtu wa kukaa pale kutwa nzima. Haikuwa kazi yenye likizo wala kiinua mgongo. Ukiugua hulipwi, na wifi aliendelea kugonga mlango wa kaka yake kabla ya kuingia sebuleni. Lakini kompyuta ya pale ilikuwa na mfumo ule ule wa Kiswahili, na wifi aliusimulia kana kwamba amekutana na rafiki wa utotoni. Shida yake moja ilikuwa kasi. Alichapa kwa vidole viwili, na wateja walikuwa wakiguna.

"Njoo unifundishe," alimwambia Bi Vidole kila wiki. "Mtu ana mwalimu ndani ya nyumba halafu anadonoa kama kuku."

Bi Vidole alikuwa na sababu kila wiki. Kichwa, nguo, mgeni. Kazini hali yake ilikuwa imebadilika bila mtu kujua. Yule binti mgeni aliijua kompyuta kwa kuisoma, na siku moja, kwa heshima zote, alimuuliza mama kwa nini hatumii ile njia fupi iliyoandikwa pale juu. Bi Vidole akasema kila mtu ana mkono wake. Aliporudi kwenye kiti, alivitazama vidole vyake juu ya kibodi, na kwa mara ya kwanza vilikosea herufi.

Alikwenda kibandani Jumamosi moja baada ya saa za kazi, kwa sababu sababu zilikuwa zimemwishia. Wifi alipangusa kiti kwa upindo wa kanga, akamketisha, akawatangazia wateja wawili waliokuwa wanasubiri kwamba sasa wataona kazi. Mmoja alikuwa na barua ya kuomba ruhusa shuleni kwa mwanawe. Bi Vidole aliichapa huku akimtazama usoni, na mtu yule akabaki mdomo wazi.

"Si nilikwambia?" wifi alisema. "Huyu ni wifi yangu."

Wifi akaihifadhi barua na kuitoa kwenye printa, mteja wa pili naye akahudumiwa, wakaondoka. Wifi aliinama juu ya bega lake, harufu ya sabuni ya kufulia kwenye nguo yake, akimwomba aandike kitu chochote polepole ili aone vidole vinavyokaa. Bi Vidole aliandika mstari mmoja wa maneno yasiyo na maana. Aliandika wa pili. Wifi alihesabu vidole kwa kunong'ona, kidogo, cha pete, cha kati.

"Basi, funga," wifi akasema. "Kisha nijaribu mimi."

Mkono ulikwenda wenyewe.

Ting'.

Kisanduku kilikuwa mbele yao, katikati ya kioo, kimetulia. Kidole cha Bi Vidole kilisimama hewani. Alisoma mstari wa juu wote. Alisoma kitufe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisanduku kilikuwa kirefu kuliko alivyokumbuka, na herufi zake zilikuwa kubwa. Hata asiye na miwani angeziona.

"Umeona?" wifi alisema, akifurahi kwa ajili ya mashine yake. "Hii yangu ina adabu, inauliza kwanza. Sijui ile ya fundi ilikuwa na nini siku ile."

Alitarajia kicheko, akakikosa. Akageuka amtazame. Bi Vidole hakuutoa uso wake kwenye kioo. Mikono aliishusha kwenye mapaja, akaifumbata kama mtu anayeficha kitu, na aliposema ilibidi wifi asogeze sikio.

"Iliniuliza, wifi."